Aliyebeba Mkoba

Msichana wa kazi alisimama kando ya kitanda, amebeba mkoba wa bosi wake. Mkunga alipoweka kifaa cha kusikilizia juu ya tumbo la bosi, mapigo ya moyo wa mtoto yakajaa chumba kizima.

“Sikia anavyokimbia!” bosi alicheka. “Na wewe dada, kwa unavyonenepa, utafikiri zamu inayofuata ni yako.”

Msichana akajilazimisha kucheka. Chini ya gauni lake pana, mtoto wake mwenyewe hakuwa amecheza tangu jana. Lakini akisema, kazi itaota mbawa.

Jioni, akiosha vyombo, mapigo yale bado yalikuwa masikioni mwake. Alifunga bomba, akashika tumbo, akasubiri. Mapigo yaliendelea, ila hayakutoka kwake.

“Mama,” alimwita bosi wake. “Nirudishe kwa mkunga. Na mimi nina wangu, na amenyamaza.”