Pembe Iliyoachwa Nje

"Fundi alikosea pembe." Maneno matatu tu, kwa wino wa bluu, kwenye daftari la kazi, na sahihi ya Mhandisi chini yake. Mama Cheche, mchomeleaji mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, aliyasoma mara mbili huku damu ikimchemka. Jumatatu daftari lingekwenda ofisi kuu, na fundi aliyeandikwa vile hapewi tena kazi na kampuni ile, hata ya kushikilia ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa paa la ghala. Kuta zimeachana mita nane, na kila kenchi ina boriti mbili za mita tano zinazokutana kileleni kwenye kishikio cha chuma. Mhandisi alipiga hesabu, akaleta karatasi: nyuzi 74. Mama Cheche akachomelea vishikio kumi na viwili, nyuzi 74 kamili. Kenchi ya kwanza ilipopandishwa, miguu yake iliachana mita sita tu, ikaning'inia katikati ya kuta, haigusi huku wala kule.

"Na nilimwambia!" alimfokea binti yake jioni ile, utadhani ndiye mkosaji. Sufuria ikabamizwa mezani. "Nikamwambia hiki mbona kimechongoka mno? Akanijibu, 'Mama, wewe chomelea, kufikiria niachie mimi.' Niachie mimi! Mtu mzima anaongea kama kalkuleta!"

Binti, ambaye mwaka huo alikuwa akisoma hesabu za juu shuleni, aliomba ile karatasi. Akaipitia, akaguna.

"Alipata sini 0.96, akabonyeza sini kinyume."

"Ndiyo nini hiyo? Sema kwa lugha ya watu."

"Sini unaipa pembe, inakupa namba. Sini kinyume unaipa namba, inakurudishia pembe." Akachora wimbi linalopanda na kushuka. "Tazama, mama. Hapa kwenye 0.96 wimbi linapita mara mbili: likipanda kwenye 74, likishuka kwenye 106. Sasa ligeuze, lilaze ubavu. Namba moja inakuwa na pembe chungu nzima, na mashine inatakiwa itoe jibu moja. Kwa hiyo grafu ikakatwa. Inaanzia hasi 90, inaishia 90, basi. Pembe butu, inayozidi 90, mashine haikutajii hata uibembeleze. Unatoa mwenyewe 74 kwenye 180, unapata 106."

Mama Cheche akachukua penseli, akaifuata ile grafu iliyolala mpaka kwenye 90. Njia ikaishia hapo.

"Kwa hiyo 106 ipo, ila imeachwa nje."

"Eeh."

"Na yeye hajui?"

"Anajua, alifundishwa. Mashine ilimjibu, akaridhika."

Lo! Hapo hasira ndiyo ikampanda kwelikweli. Mtu asiyejua unamhurumia, lakini huyu alijua, akaona uvivu kufikiria, kisha akamwandika mwenzake.

Asubuhi hakusalimia mtu. Mbele ya Msimamizi wa ujenzi alilaza boriti mbili sakafuni, akazifungua nyuzi 74, akavuta futi ya chuma: mita sita. Akazifungua nyuzi 106: mita nane. Kisha akachukua chaki, akachora ile grafu, akaukanyaga mwisho wake kwa buti.

"Hesabu yangu ni sahihi," Mhandisi alisema. "Sini ya 74 ni 0.96."

"Na ya 106?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Ikatoka 0.96 ileile.

"Basi ni mashine tu," akamgeukia Msimamizi. "Tusilaumiane."

"Ahaa! Jana fundi, leo mashine!" Sauti ya Mama Cheche ikafika hadi kwa waliokuwa juu ya kuta. "Mbona mashine hukuiandika daftarini? Uliniandika mimi!"

Msimamizi alimsogezea Mhandisi daftari na kalamu. Mstari ukakatwa. Chini yake, kwa wino uleule, pakaandikwa: "Mhandisi alikosea pembe." Sahihi.

Mhandisi akachana karatasi mpya, akaandika 106, akamnyooshea bila kumtazama. "Haya, Mama. Vishikio kumi na viwili. Tumechelewa."

Mama Cheche hakuipokea. Alimwekea kile kipande cha chaki kiganjani.

"Juzi nilikuachia wewe kufikiria," alisema. "Leo piga magoti uchore. Nionyeshe palipokatwa, ndipo nichomelee."