Lebo za Mke Wangu

Mke wangu alipoanza kuweka pasi ndani ya friji, nilijiambia tatizo ni mpangilio. Ningewaza nini kingine? Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mkutubi, na mkutubi hasemi kitu kimepotea. Anasema kimewekwa mahali pasipo pake.

Basi nikalipanga jiko kama maktaba. Vyakula kundi lake, vyombo kundi lake, na ndani ya kila kundi matawi: vikavu, vya maji, viungo. Kila rafu nikaibandika lebo yenye namba, kwa mwandiko ulionipatia sifa kazini. Nilijiona nimemaliza kazi. Kesho yake asubuhi akanitengenezea chai ya chumvi, maana chumvi na sukari nilizipanga jirani, kundi moja, kama inavyotakiwa. Nikainywa yote. Binti yetu, aliyekuja kututazama, alionja kidogo tu akatema.

"Baba, hizo namba anazijua nani hapa zaidi yako?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Mwache mama aandike mwenyewe, kwa maneno yake."

Nilifura. Watu wasioisomea kazi wakiachiwa kubandika lebo, kila mmoja anakuja na lake, na mwisho wake ni vurugu tupu. Lakini ile chai ilinifunga mdomo. Nikampa mke wangu kalamu na karatasi za kubandika.

Hakuandika jina la kitu hata kimoja. Aliandika kazi yake. Kwenye sukari: "ya kufurahisha chai." Kwenye tochi: "umeme ukikatika." Kwenye pasi: "shati la mzee." Kikabati changu cha dawa akakibandika "asisahau huyu," nikacheka mpaka machozi. Na ilisaidia, jamani! Pasi ikatoka kwenye friji, sukari ikarudi kwenye chai. Namba zangu nilizibandua mwenyewe, kimyakimya, nisije nikachekwa.

Kisha lebo zikaanza kuongezeka. Sukari ikapata ya pili, "nyeupe," halafu ya tatu, "ya wageni." Chumvi nayo ikawa "nyeupe," na sabuni ya unga pia. Siku moja nilikuta "ya mama" kwenye kila kitu, hadi kwenye bomba. Nilipojaribu kubandua zilizozidi alinishika mkono akalia kama mtoto aliyenyang'anywa, nikaziacha. Ningefanya nini? Namba zangu hazikumfaa, na sasa maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamkimbia. Niliogopa, nasema kweli, na niliogopa jambo moja tu: siku itakapofika zamu yangu mimi.

Ilifika mchana mmoja, nikiosha vikombe. Alikuja na kalamu na karatasi zake, akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, bila haraka.

"Samahani, baba," akasema, kwa ile adabu anayowapa watu wa nje. "Wewe ni wa kazi gani?"

Nilikiweka chini kikombe nilichoshika. Maji yaliendelea kumwagika bombani.

"Wa kukaa na wewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaiweka kalamu kwenye karatasi, akangoja. Hakuna kilichokuja. Akaibandua ile karatasi, akanibandika kifuani ikiwa tupu, akaipigapiga kwa kiganja ili ishike.