Bia ya Kupanda

Alhamisi, zamu ya asubuhi ilipokwisha, Wamuda alipanga aina zote za bia za kiwanda juu ya meza ya stoo, akaanza kuzitikisa moja moja karibu na sikio, kama fundi saa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa mfanyakazi wa muda. Alikuwa wa muda tangu mashine ya kwanza ya kufunga vizibo ilipoletwa. Mashine ilishastaafu, yeye bado wa muda.

Jumatano jioni Meneja alikuwa amemkuta getini na kumpa kazi. Jumamosi wakubwa wa kampuni wangepanda kilima kilicho nyuma ya kiwanda, ili wajenge umoja, na Wamuda angechagua kinywaji na kukibeba.

"Tafuta bia nzuri ya kupanda," alisema Meneja, "na wewe tutakupandisha. Nakupa kazi ya kudumu."

Usiku ule Wamuda hakulala vizuri. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, na wa muda akiugua juma moja tu, akirudi anakuta mwenzake kavaa glavu zake.

"Chukua nyeusi," alisema mtunza stoo, mama mnene aliyekuwa akimenya chungwa. "Wakubwa wanapenda kitu kizito."

"Nyeusi inalegeza miguu, dada. Wakifika katikati watataka kubebwa. Na wa kuwabeba ni nani?"

"Haya, ya chupa."

"Chupa ikigonga jiwe, kwaheri. Halafu ile ina povu. Uitikise njia nzima uje kuifungua mbele ya Mkurugenzi? Utamwogesha mzee wa watu."

"Basi imebaki hiyo nyepesi ya kopo. Lakini hiyo si maji tu?"

"Ndiyo uzuri wake," alisema Wamuda, akaandaa begi.

Maji yenyewe yalikuwa ya kilima. Zamani chemchemi ilitoka juu kabisa, kwenye ufa wa mwamba, na watu wa mtelemkoni wakateka hapo, mama yake Wamuda akiwa mmoja wao. Kiwanda kilipokuja kikachimba kisima chini, na kiangazi hicho hicho ufa ukakauka. Watu waliambiwa ni hali ya hewa. Hali ya hewa hiyo ilikuwa na pampu, na ilinguruma mchana na usiku. Tangu hapo watu wa kilima hushuka kupanga foleni kwenye bomba la nje ya ukuta, ambalo hufunguliwa kiwanda kikijisikia.

Jumamosi walianza kupanda kukiwa na ubaridi. Mkurugenzi mbele, na fimbo mpya, kisha Meneja, kisha Mhasibu aliyevaa viatu vya ofisini, nyuma yao Wamuda na begi la makopo na barafu. Walipofika kwa mama yake Wamuda, walimkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo mama," alisema Meneja.

"Marahaba. Mmeyaleta maji?"

"Hii ni bia, mama."

"Najua ni bia. Nimeuliza maji."

Meneja akacheka, wakaendelea. Kuanzia hapo begi likawa jepesi. Kwenye kona ya pili lilikuwa halina uzito wowote, na ya mwisho ilipofika lilikuwa linamvuta Wamuda kwenda juu, yeye akining'inia kwenye mikanda, miguu ikigusa ardhi mara chache.

"Unaona?" alisema Meneja, anahema. "Nyepesi ina faida yake."

Juu, wakakaa kuzunguka ule ufa mkavu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Mkurugenzi akafungua kopo la kwanza. Bia ikatoka yenyewe, uzi mnene kama kidole, ikapita hewani usawa wa magoti, ikakwepa viatu vya Mhasibu kwa adabu, ikaingia kwenye ufa. Kopo la pili likafanya vivyo hivyo. Mhasibu alijaribu kuziba la kwake kwa kiganja, ikapita katikati ya vidole. Ndani ya kila kopo kilibaki kijiko cha utomvu mchungu. Meneja aliulamba na kusema si mbaya.

Ya makopo ilipokwisha kuingia, maji yaliyokuwa chini yalisikia njia imefunguka, yakafuata. Ufa ukalia, ukatema kipovu, kisha maji safi yakaanza kutiririka juu ya mwamba.

"Imepanda," alisema Mkurugenzi.

"Bia ya kupanda ndiyo niliyoagizwa, mzee," alisema Wamuda.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa lugha, alikuwa akisahihisha hata matangazo ya mlango wa choo. Akamgeukia Meneja. "Ulitakiwa useme bia ya kupandia. Ya kupanda ni hiyo inayopanda yenyewe. Kijana hana kosa. Ameleta alichoambiwa."

Meneja akaomba radhi. Mama yake Wamuda alikuwa ameshafika na ndoo. Akakinga, akaonja.

"Yana uchungu kidogo," alisema. "Utaisha."

Ndoo ilijaa, akajitwika, akashuka. Jumapili kilima kizima kiliteka, na wengine walifua hadi mapazia.

Jumatatu pampu ya kiwanda ilikuwa ikivuta hewa. Mhasibu alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba maji ya ufa ni mali ya kampuni, kwani walioshuhudia wote waliyaona yakitoka kwenye makopo ya kampuni. Hakuna aliyeweza kukanusha. Hali ya hewa haikutajwa. Kabla juma halijakwisha mwamba ulikuwa umezungushiwa seng'enge, bomba limelazwa kutoka kwenye ufa hadi kiwandani, na Meneja ametimiza ahadi. Wamuda alipata kofia, buti, filimbi na kazi ya kudumu: mlinzi wa chemchemi. Wenzake hawakubadilisha jina, walikuwa wameshalizoea.

Mama yake alikuja siku ya kwanza ya kazi, na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia wamekupa ya kudumu. Hongera."

"Ahsante, mama."

"Mgongo je?"

"Sasa nina haki ya kuumwa."

"Mungu mkubwa. Haya, nifungulie."

"Ufunguo anao Meneja."

Mama akatazama maji yakiingia kwenye bomba upande wa pili wa seng'enge. Akaingiza mkono kwenye tundu la waya, haukufika. Wamuda alikuwa ameelekezwa kwamba mtu yeyote akigusa waya filimbi ipulizwe, naye alikuwa amengoja kazi hii miaka mingi.

Akavua kofia kwanza, kwa heshima. Kisha akapuliza.