Nyota-Manyoya Mwenye Mikono Kumi

Je, aliyeibiwa kitu kibovu ana haki ya kulipiza kisasi? Swali hilo lingekuja kumkosesha binti mmoja hamu ya kula, na bado asilipatie jibu. Lakini asubuhi ile alipofungua jarida jipya la zuolojia kwenye chumba cha chupa za sampuli, hakuwa na maswali. Alikuwa na hasira tu, hasira nzima isiyo na ufa.

Maabara nzima ilimwita Darubini, kwa kuwa jicho lake halikubanduka kwenye chombo hicho cha kukuzia vitu vidogo tangu alipoanza shahada ya pili. Kazi yake ilikuwa kuwatambua nyota-manyoya, wale wanyama wa miamba ya matumbawe wenye mikono kama manyoya ya ndege na vikucha vya kujishikiza chini ya kiwiliwili. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Rangi haiaminiki, maana spiriti ya kuhifadhia huifyonza yote na kila sampuli hubaki na rangi ya chai iliyopoa. Mtu huhesabu mikono, huhesabu vikucha, kisha hukagua vitawi vilivyo karibu na mdomo aone kama ncha zake zina meno ya chanuo.

Mwaka uliotangulia alikuwa amempata mmoja mdogo, mwenye chanuo, mwenye mikono kumi tu. Jamaa zake wote wenye chanuo katika mwamba alikotolewa walikuwa na mikono thelathini na kuendelea. Darubini alimchora kwa wiki tatu, akaandika maelezo, akampelekea Profesa, msimamizi wake, ayasome.

"Tusikimbilie, binti," Profesa alimwambia. "Yaache kwanza hapa mezani."

Sasa maelezo yale yalikuwa kwenye jarida, pamoja na mchoro wake. Mwandishi alikuwa mmoja, Profesa, na spishi mpya ilikuwa imepewa jina la mke wa Profesa. Mwishoni palikuwa na shukrani kwa nahodha wa boti na kwa fundi wa friji.

"Hata fundi wa friji!" alisema Mama Spiriti, akisoma juu ya bega lake. Mama huyu alikuwa mtunza chupa wa maabara kwa miaka ishirini na saba, na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mikono yake iliponuka sabuni. "Mimi niliyeijaza spiriti chupa ya mnyama huyo, patupu. Wewe uliyechora mpaka macho yakavimba, patupu. Fundi wa friji, mheshimiwa!"

"Mama, huyu mtu nitamtenda."

"Utamtenda nini? Utamtilia chumvi kwenye chai?"

"Nitamvua nguo mbele za watu."

"Basi mvue polepole, mwanangu. Mzee yule hana mwili wa kutazamwa."

Nyumbani, shangazi yake aliyemlea alisikiliza habari yote bila kuinua mguu kwenye cherehani. Alipofika mwisho wa mshono ndipo aliposema.

"Mtu akichukua kitambaa changu na kukikata bila idhini, simpigii kelele. Namwacha ashone, avae, atoke. Halafu mbele za watu namwonyesha mahali mshono ulipopinda."

"Na kama haukupinda, shangazi?"

"Mwizi hana muda wa kupima. Umepinda tu. Wewe tafuta."

Darubini akatafuta. Kila alasiri aliisoma makala ile mstari kwa mstari, akiviringisha ulimi juu ya kila neno kama anayetafuta mwiba kwenye samaki. Hakupata kitu. Maelezo yalikuwa yake mwenyewe, na alikuwa ameyaandika kwa uangalifu.

Kilichomsaidia ni ajali. Katika tangi la kioo alikuwa akiwafuga wadogo wengine watatu wa mikono kumi, waliotoka kwenye mwamba uleule. Mwisho wa wiki moja pampu ilizimika, maji yakapata joto, na Jumatatu akamkuta mmoja amedondosha mikono saba. Mkono wa nyota-manyoya una viungo maalumu vya kukatikia, na mnyama akibanwa huuachia hapo. Darubini alikuwa karibu kulia. Aliwasha pampu, akabadilisha maji, akaendelea kumwangalia yule kiwete kwa sababu tu alimwonea huruma.

Wiki ya tatu aliweka lenzi juu ya kigutu kimoja, akaona chipukizi mbili. Akahamia kigutu cha pili: mbili. Vyote saba vilikuwa hivyo. Palipokatika mkono mmoja, iliota miwili, na baada ya miezi mitano yule mnyama alikuwa na mikono kumi na saba. Alilinganisha chanuo lake na vikucha vyake na vya wale wa kawaida wa mikono thelathini, waliojaa kwenye rafu nzima. Kisha akaiomba ile sampuli ya Profesa na kuikagua jino kwa jino. Hapakuwa na tofauti. Ile spishi mpya haikuwa spishi. Ilikuwa mtoto ambaye hajapoteza mkono wake wa kwanza.

Alicheka mpaka akashika meza. Alipomweleza Mama Spiriti, mama naye akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Kumbe Profesa kaenda kumsajili mtoto wa watu kwa jina la mkewe!"

"Wiki ijayo anaiwasilisha spishi yake mbele ya kitivo kizima, mama. Wageni watakuwepo. Nitamwacha aseme yote, nitamwacha apigiwe makofi, halafu nitasimama."

"Simama, mwanangu. Lakini ngoja." Mama Spiriti alifuta macho kwa mkono wa koti. "Wa kwanza kusema ni spishi mpya alikuwa nani?"

Daftari la Darubini lilikuwa kwenye mkoba, na humo kulikuwa na ukurasa wenye tarehe, mchoro na maneno haya kwa mkono wake: *Spishi mpya, bila shaka yoyote.* Alikuwa ameyapigia mistari miwili.

"Chana ukurasa huo," shangazi alimshauri jioni ile. "Kosa limechapishwa kwa jina lake, mwachie alibebe. Wewe umetoka safi kama pamba."

"Nikiuchana, hakuna atakayejua kuwa aliniibia."

"Na usipouchana, watajua kuwa ulikosea. Chagua kinachokuuma zaidi."

Ndipo lilipomjia swali lile la haki ya kulipiza kisasi, akaacha hata kula. Kwa siku sita aliuchukua wembe na kuurudisha. Alikwenda kwenye wasilisho na ukurasa ukiwa mzima, bado hajui atautumia au la.

Profesa alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alipomaliza, Darubini akanyoosha mkono.

"Maswali ya wanafunzi baadaye, binti. Tuwape wageni nafasi."

"Mpe nafasi," alisema mkuu wa kitivo.

Darubini alionyesha picha zake kwa mpangilio: vigutu, chipukizi, mikono kumi na saba, chanuo kando ya chanuo. Hakupandisha sauti. Aliona jasho likichomoza juu ya mdomo wa Profesa, na moyo wake ukalilamba kama asali.

Profesa alikunywa maji. "Sawa," alisema. "Ila niseme jambo. Utambuzi wa mwanzo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwanafunzi huyuhuyu. Niliyaamini macho yake."

"Ajabu," alisema mkuu wa kitivo. "Jina lake mbona silioni kwenye makala?"

Mtu wa nyuma alicheka, kisha wengine. Wote wakamgeukia Darubini. Alichohitaji ni sentensi moja tu: *Sijui Profesa anazungumzia nini.* Ilikuwa tayari ulimini. Angeitamka, naye Profesa angezama peke yake, hana shahidi. Alitamani hilo kwa mwili wake wote. Lakini mtu aliyechukua kazi yake alikuwa amesimama pale akimrudishia kwa mkono wake mwenyewe, ingawa sehemu mbovu tu, na yeye angeikana? Wiki tatu zile za kuchora zilikuwa zake. Hata upumbavu wake ulikuwa wake, na mtu yule hakustahili kubaki nao.

Akatoa daftari, akalifungua, akalipeleka mezani kwa mkuu wa kitivo.

"Profesa amesema kweli, ijapokuwa amechelewa," alisema. "Nilikosea, tarehe iko hapo, na mchoro uliochapishwa uko hapo. Nitaandika masahihisho kwa jina langu peke yangu. Nitaeleza kwamba spishi hiyo haipo, kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, na kwamba yeye alilichapisha kama lake. Na kuanzia leo sifanyi kazi chini yake."