Dirisha Mgongoni mwa Kwamboka

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2014, chumba namba nane cha makazi ya wafanyakazi kule Al Thumama, Doha, kilikuwa na watu kumi na mmoja, sufuria mbili za pilau na kitabu kimoja. Kitabu kilikuwa cha hadithi za wanawake wa Korea, zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Mgeni wa hoteli alikisahau chini ya mto, na kwa kuwa siku tisini zilipita bila yeye kukidai, kikawa mali ya aliyekiokota, yaani Kwamboka, msafishaji wa vyumba ghorofa ya kumi na nne. Kwamboka angependelea mgeni asahau chaja.

Lakini alikuwa mtu ambaye chumba kikiwa na watu chini ya wanane kichwa kinamuuma, na kitabu kilikuwa kisingizio kizuri cha kuwaita. Hivyo kila Ijumaa, wengine wakitoka kanisani na wengine msikitini, Shiru, nesi anayeishi Abu Hamour, alisoma kwa sauti na kufafanua kwa Kiswahili. Halafu walipiga kura kuamua kila kitu hadithini kina maana gani. Kitabu chote kilikuwa na mambo yenye maana nyingine. Katika hadithi ya kwanza mwanamke aliosha mchele mpaka mchele ukaisha. Katika ya pili mwanamke alifuga samaki kwenye beseni la kuogea miaka sita na mume wake hakuuliza.

"Samaki ni yeye mwenyewe," Shiru alisema.

"Sasa yeye mwenyewe akitaka kuoga anaingia wapi?" Kwamboka aliuliza.

Samaki alikuwa mwanamke kwa kura saba, na samaki kwa kura nne.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya hadithi ya tatu. Mwanamke alitazama nje kupitia dirisha lisilofunguka, kurasa kumi na sita.

"Dirisha ni kile unachokiona na hukifikii," Shiru alisema.

"Dirisha lisilofunguka ni kazi ya fundi mbovu," Kwamboka alisema. "Hawa dada zetu wa Korea wana nafasi. Mimi dirisha nalipangusa naenda zangu."

Alishinda kwa kura moja, akajisifu mpaka watu wakaaga.

Kesho yake asubuhi, Hadijah, Mganda aliyelala kitanda cha juu na kufanya kazi ya ulinzi katika duka kubwa, alikuwa akimfunga Kwamboka zipu ya yunifomu ilipokwama katikati. Mgongoni mwa Kwamboka kulikuwa na dirisha. Lilikuwa la kioo kimoja, fremu ya mbao ya kijani, rangi imebambuka kwenye kona.

"Nyabo, una dirisha," Hadijah alisema, akimwita mama kwa Kiganda.

"Linaonyesha wapi?"

"Kuna migomba. Kuna jiko la kuni. Kuna mama mzee anachambua maharagwe."

"Amevaa sweta ya bluu?"

"Ya bluu. Kiwiko kimetoboka."

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Vuta zipu hapo inapofika, basi la kazini linaondoka."

Mama yake, kule Nyamira, alikuwa anaumwa kifua tangu Krismasi. Kwamboka alikuwa ameomba likizo mara tatu, nayo ilikuwa imechelewa miaka miwili. Wakati huo mtu hakutoka Qatar bila sahihi ya mwajiri, na pasipoti yake ilikaa kabatini kwa kampuni. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kufika nyumbani mama yake akiwa bado anaweza kumtambua.

Tatizo la dirisha lilikuwa mahali lilipokaa. Alijaribu vioo viwili bafuni, akaona vigae. Hadijah akampiga picha kwa simu, na picha ikatoka mgongo mtupu, tena mpana kuliko alivyokuwa akijidanganya. Wengine wote waliona vizuri. Wageni wa Ijumaa wakafika ishirini. Kwamboka alikalia ndoo akitazama ukuta, nao wakamsimulia kutoka nyuma. Mtu aliyejua habari za kila chumba katika jengo lile sasa alipewa habari za mama yake mzazi na watu wasiojua kusimulia.

"Amekohoa," mmoja alisema.

"Mara ngapi?"

"Sijui. Kuku alipita, nikamwangalia."

Kioo hakikupitisha sauti. Kilipitisha hali ya hewa. Mvua ikinyesha Nyamira, mgongo wa Kwamboka ulipata baridi katikati ya joto la Doha. Na kila asubuhi mama yake alikifuta kioo kwa pindo la leso, akiondoa ukungu, na Kwamboka akausikia mkono huo mgongoni. Kwamboka aliachia shuka ya mgeni nusu ikiwa imetandikwa, akasimama wima mpaka mama amalize. Msimamizi alimpa barua ya onyo kwa kusimama.

"Sasa umeelewa maana ya dirisha?" Shiru alimuuliza.

"Nimeelewa nilipiga kura vibaya."

Ombi la nne alilipeleka kwa Cornelius, Mbukusu wa Bungoma, karani wa ofisi ya wafanyakazi, ambaye hakuwahi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu na hakuwahi kukosa Ijumaa. Cornelius alisema lazima ugonjwa uthibitishwe. Akaja, akamgonga begani, akasema "Hodi," akainama.

"Mama anachambua maharagwe," alisema. "Mgonjwa mahututi hachambui maharagwe."

"Anachambua kwa sababu hana wa kumchambulia."

"Tena amenipungia mkono." Naye akapunga. Kisha akasimama, akapangusa magoti. "Dada, kwa heshima zote, hii nitaiandika kama ziara ya nyumbani. Likizo yako umeshaipata."

"Sijamwona mimi, Cornelius. Mmemwona nyinyi."

"Fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

Akaomba pilau ya kwenda nayo. Kwamboka alimfungia, na nyama akamwongezea, jambo ambalo baadaye alikuwa akilisimulia kama ujinga wake wa pili, wa kwanza ukiwa ni kupanda ndege ya kuja Doha.

Mwezi wa tano kioo hakikufutwa siku tatu. Siku ya nne mjomba wake Dominiko alipiga simu.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Kwamboka alioga, akavaa gauni lake jeusi la kanisani, akamwambia Hadijah alikate mgongoni kwa mkasi. Akakalia ndoo, uso ukutani. Watu walijaa hadi kwenye korido. Shiru alikaa karibu na kioo akasimulia.

"Turubai mbili. Watu wengi, hawana pa kukaa. Mwanaume mnene ameshika maikrofoni."

"Dominiko. Hakwenda kumwona hata siku moja. Analia?"

"Analia sana."

"Amesimama karibu na chakula?"

Shiru alitazama vizuri. "Amesimama karibu na chakula."

Chumba kizima kilicheka. Kwamboka naye akacheka, mabega yakatikisika, na Shiru akamwomba atulie kwa sababu jeneza lilikuwa linatolewa.

Akatulia.

"Wanaelekea wapi?"

"Kushoto. Wamefika kwenye migomba. Wamepita. Siwaoni tena."

Kwamboka alijisogeza na ndoo yake, akageukia upande mmoja, kisha mwingine. Dirisha liligeuka pamoja naye na kuendelea kuonyesha palepale: viti vitupu vya plastiki na jiko. Wakasubiri watu warudi. Waliporudi, Shiru aliwataja mmoja mmoja kwa nguo zao, na Kwamboka akawapa majina.

Jumapili aliitwa ofisini. Cornelius alisimama, akampa mkono wa pole, akasema amesikia msiba ulikuwa na watu wengi. Kisha akamsogezea fomu. Likizo ya msiba, siku moja, imeshachukuliwa. Kulikuwa na nafasi mbili za kujaza, sahihi na mahali likizo ilipochukuliwa.

Kwamboka alitia sahihi. Kwenye mahali, akaandika kwa herufi kubwa: MGONGONI.

Cornelius aliisoma, akapiga muhuri, akampa nakala.