Waya Zilizovikwa Pamba

Nkwabi alilifungua sanduku la bati kwa mara ya kwanza tangu wamzike mkewe, Hellen. Akatoa mashuka, akatoa koti la kazini, akafika chini kabisa kwenye gazeti alilolitandika kwa mkono wake siku Hellen alipolazwa hospitali, na waya za spika alizoziweka hapo hazikuwemo.

Akakaa kitandani. Hakupekua tena.

"Umezipata?" aliuliza dada yake, Kashindye, kutoka uani alikokuwa akichambua mchicha.

"Hazipo."

"Angalia vizuri."

"Dada, hili ni sanduku, si shamba."

Kashindye ndiye aliyeyaanzisha haya. Alikuja kutoka kijijini wakati wa msiba, akabaki kumwangalia mdogo wake. Nyumba yenye msiba haipigi redio, hilo Mkuyuni kila mtu analijua. Lakini matanga yakishaanuliwa watu huwasha, walau wasikie taarifa ya habari. Nkwabi hakuwasha. Masika ikapita, pamba ikavunwa, na spika zake mbili zikabaki sebuleni zimefunikwa vitambaa vya Hellen mithili ya wagonjwa. Asubuhi hiyo Kashindye alimwambia wazi, "Nimechoka kusikiliza kuku. Leo washa. Piga ule wimbo wake, ulie, uishe."

Naye alikubali, ila moyoni alijiwekea sharti: usikike kama ulivyosikika Hellen akiwa kitini pake. Kwa hilo alizihitaji waya zote mbili.

Nkwabi alikuwa fundi umeme kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kufunga mitambo alikuwa na ugonjwa wa muziki, akamwambukiza. Alipoondoka alimwachia vyote: gramafoni, amplifaya, spika, na waya mbili nene za shaba safi, za aina ambayo hata huko kwao watu waliisikia kwa sifa tu. Akamfundisha kwamba zilingane urefu, zisikunjwe, zisigusane. Nkwabi akayashika maneno hayo kama katekisimu. Siku hizi maduka ya Nyamagana yamejaa redio za Dubai zenye taa za rangi, na waya zake nyembamba kama tambi. Yeye alikuwa akizipita bila kugeuza shingo.

Halafu panya wakala ganda la zile waya, shaba ikabaki uchi. Nkwabi alishinda siku nzima akizikagua. Hellen hakumpa pole. Alichukua pamba akaanza kusokota uzi kwenye paja, vile alivyomwona bibi yake akifanya, kisha akazivika waya kutoka ncha hadi ncha, uzi juu ya uzi. Kiangazi chote alikuwa kwenye kazi hiyo. Ile ya kushoto akaifunga uzi wa bluu aliouchomoa kwenye kitenge chake, mumewe asije akakosea. Siku ya kuziunganisha, Nkwabi aliapa kwamba sauti imelainika, kwamba sasa anamsikia hata mwimbaji akivuta pumzi.

"Wewe unasikiliza waya," Hellen alimwambia. "Mimi nasikiliza wimbo."

Kisha akamtegea, maana alikuwa mtu wa vitendawili. "Kitendawili."

"Tega."

"Tarishi wangu kiziwi, hupeleka maneno asiyoyasikia."

Nkwabi alitazama sakafuni. "Waya."

Hicho alikipata, lakini vingi vilimshinda. Na akishindwa ilibidi atoe mji, kama watoto wanavyofanya. Kwa mtindo huo Hellen alikwisha kuchukua Shinyanga, Musoma, Bukoba, na reli yote hadi Tabora. Mji mmoja tu Nkwabi aliukatalia. "Mwanza sitoi. Tutalala wapi?"

Cha mwisho alimtegea akiwa hospitali, sauti yake imeshakuwa ndogo. "Akiwepo simsikii, akiondoka ndipo namsikia."

"Kinu cha pamba," Nkwabi alijibu upesi. Kinu kilikuwa kimefungwa mwaka huo. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, pamba ikaanza kupita njia nyingine, na kweli mvumo ule hawakuujua mpaka uliponyamaza.

Hellen akatikisa kichwa. "Siyo. Nipe mji."

"Nipe muda," alisema Nkwabi. Muda wenyewe haukuwepo.

Sasa Kashindye alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Hizo waya zako zikoje?"

"Nyeupe, nene kama kidole. Zimevikwa pamba."

Dada mtu akajishika kiuno. "Mayu wee. Mimi niliona kamba."

Akaeleza. Siku ya msiba upepo wa ziwani ulikuwa unaling'oa turubai, vijana wanapiga kelele waletewe kamba. Yeye alikuwa amefungua sanduku kutafuta shuka, akakuta kamba mbili nzuri, akazitoa. "Hata nilimsifu marehemu. Nikasema, wifi yangu alikuwa mtu wa kuweka akiba."

Nkwabi alimtazama. Angeweza kukasirika, lakini hasira hiyo angeitoa wapi. "Nilikaa chini ya turubai hilo siku tatu," alisema. "Sikuinua macho."

Turubai ni mali ya chama cha kuzikana cha mtaa, na mtunza vyombo ni Mboni, mama mmoja anayeuza dagaa karibu na soko. Nkwabi alimkuta akianika.

"Shikamoo, mzee Nkwabi. Usiniambie una msiba, sufuria zote ziko nje."

"Marahaba. Natafuta kamba. Ziko mbili, za pamba."

"Hizo!" Mboni akacheka. "Vijana wanazigombea hizo. Za dukani zinakatika, hizo hazikatiki." Aliingia ndani, akatoka na moja. Imekuwa rangi ya udongo, lakini uzi wa bluu ulikuwepo. "Ya pili iko Buhongwa na turubai. Kuna seremala alikuwa mwanachama wetu kabla hajahamia kule. Amefariki, amemwacha mkewe, Selina, na watoto."

"Zimezunguka sana?"

"Mzee wangu, zimefunga misiba ya Wakristo, zimefunga na yetu. Kwani hasa ni za nini?"

"Za muziki."

Mboni aliacha kucheka, akaifuta ile waya kwa kanga kabla ya kumkabidhi.

Nkwabi alipitia sokoni akanunua kamba mpya ya katani, abadilishane nayo, kisha akaenda Buhongwa. Alifika wingu limeshajikusanya. Akapokewa, akapewa kikombe cha chai, akakaa kwenye benchi na wanaume wengine. Safari hii aliinua macho. Waya yake ilikuwa kwenye kona ya upande wa jiko, imekazwa fundo kwenye nguzo, imenyooka kama mshale. Fundi hakuhitaji kuigusa. Shaba iliyovutwa hivyo, ndani imeshaanza kukatika. Kilicholishikilia turubai sasa ni pamba. Ni paja la Hellen na vidole vyake.

Chini ya kona hiyo watoto wa marehemu walikuwa wamelala kwenye mkeka. Matone ya kwanza yakaanza kugonga turubai.

Selina alikuja amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante." Akaiona katani mkononi mwake. "Umetuletea kamba?"

Nkwabi aliitazama ile katani. Alikuja na maneno yake tayari, aliyapanga njia nzima. Upepo ukaliinua turubai, ile kona ikalia kidogo, ikashika.

"Ndiyo," alisema. "Naona ile kona imeelemewa."

Akapanda kwenye kiti, akaifunga katani sambamba na waya yake. Mkono ukapita juu ya pamba, umelowa.

"Ile ya zamani utaifungua?" Selina aliuliza kutoka chini.

"Iache. Bado inashika."

Alirudi nyumbani amelowa. Akabadili shati, akakwangua ncha za waya aliyokuwa nayo kwa kisu, akaiunganisha kwenye spika ya kushoto. Vitambaa akavikunja. Kashindye alikuja kukaa sakafuni, asikiguse kiti cha Hellen. Santuri ikaanza kuzunguka.

Wimbo ulitoka nusu. Mwimbaji alikuwepo, gitaa la pili halikuwepo, na tarumbeta zilisikika kwa mbali kama ziko ng'ambo ya ziwa. Nkwabi alijikuta haisikilizi spika inayoimba. Masikio yote yalikwenda kwenye ile iliyonyamaza, kando ya kiti kitupu, na huko kila kitu kilisikika, hata pumzi.

"Mbona hii nyingine haisemi?" Kashindye aliuliza.

"Waya yake iko kazini."

Wimbo ulipokaribia mwisho, Nkwabi aliegemea upande wa kiti kitupu, akafumba macho. "Nimeshindwa," alisema polepole. "Chukua Mwanza."

"Unasemaje?"

"Nasema mboga inaungua, dada."