Kabla Dada Hajasaini

…na kama angelisema siku ileile, siku barua ya kwanza ilipofika, lingekuwa jambo la dakika tano, dada angefoka, angempiga kofi la bega kama alivyozoea tangu wakiwa wadogo, angenuna mpaka saa ya kula, kisha yangekwisha, lakini hakulisema, na sasa imepita miaka minne na ushee, wameketi bega kwa bega mbele ya meza ya karani wa chama cha akiba na mikopo, yeye fundi makochi upande huu, dada yake upande ule, fomu katikati yao, na karani, binti mwembamba mwenye miwani inayoteleza puani kila anapoinama, anaeleza kwa mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "Fundi, mkopo huu ni mdogo, hautakutajirisha, kazi yake ni kukusafishia jina tu, unalipa kila mwezi tarehe ileile, usichelewe hata siku moja, na sisi kila mwezi tunapeleka taarifa kwamba umelipa, mwaka ukiisha ukienda kuomba sponji na vitambaa kwa wauzaji wa jumla wataangalia rekodi yako, watamwona mtu anayelipa, siyo yule wa zamani," na dada anadakia, "Yule wa zamani tulishamzika, mwanangu, hata matanga tumeanua," na karani anacheka mpaka miwani inateleza, dada anacheka, naye anacheka pia, amechelewa kidogo, kama mtu wa mwisho kupiga makofi ukumbini… yule wa zamani hajazikwa, dada, yuko hapa, amevaa shati ulilompigia pasi wewe mwenyewe asubuhi, amekaa kushoto kwako na magoti yake yanagusana na magoti yako chini ya meza hii nyembamba, "Kwa hiyo mdhamini," karani anaendelea, "akiba yako yote uliyoweka hapa tunaishikilia, huwezi kuitoa hata ukipata shida, mpaka yeye amalize, na asipolipa tunakata humo, hilo umelielewa, mama?" na dada anasema amelielewa, anafungua mkoba kutafuta miwani yake, anatoa leso, anatoa funguo, anatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi, maana dada ni mfuaji wa hospitali, miaka kumi na tisa anafua mashuka ya wagonjwa, mikono yake imekuwa myeupe vidoleni kwa ile dawa ya madoa, na kila siku ya mshahara, kabla hajanunua hata chumvi, amepita hapa kwenye dirisha la chama kuweka chochote, ili akistaafu, husema, asimwombe mtu hata sabuni… na ndiyo hiyo akiba, ileile, haikuguswa wakati ule kwa sababu dada hakujua, na kwa miaka minne yeye fundi amekuwa akijipoza kwa neno hilo, kila roho ilipomsuta alikuwa na jibu mkononi, angalau niliiokoa akiba ya dada, ningemwambia angeitoa yote, ningekuwa nimemla nyama na mifupa, kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili yake, ndivyo alivyojiambia, na sasa amemleta mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka kwenye dirisha lilelile, aje kuiweka rehani… basi ulikuwa unaiokoa kwa ajili ya nini, fundi? "Miwani hii nayo," dada anasema, "kila nikiitafuta iko chini kabisa, kama mtu ninayemdai," karani anacheka tena, na yeye jasho jembamba linamtoka chini ya kwapa, feni ya ukutani inageuka, inampuliza, inampa kisogo, inarudi.

Nyumba ilikuwa ya baba, vyumba vitatu na ua, baba alipofariki dada ndiye aliyesema, andika jina lako kwenye hati, mimi karatasi zinanichosha, mradi nina mahali pa kulala, akacheka, naye akaandika jina lake, hakuna ubaya uliofanyika hapo, ubaya ulikuja taratibu na ulikuja umevaa vizuri, mwenye nyumba ya wageni aliyetaka viti sitini na makochi kumi na mawili ya kitambaa cha kijani, aliyesema utalipwa siku ya kufungua, na benki iliyosema lete hati tukupe mtaji, akapeleka hati, akashona viti mpaka vidole vikaota sugu mpya juu ya sugu za zamani, na siku ya kufungua haikufika, mwenye mali akafunga milango akahama, na viti sitini vikabaki mle ndani nyuma ya kufuli la mtu mwingine… hilo dada analijua, hilo alimsimulia hata kabla machozi hayajakauka, na dada akamkumbatia akasema wewe siyo wa kwanza kudhulumiwa, lakini barua hakumsimulia, barua tatu, ya kwanza ilikuwa ya adabu, ilimwita mteja wetu mpendwa, ya pili ilikuwa fupi, ya tatu ilikuwa na tarehe, ilisema lipa malimbikizo ya miezi mitano ndani ya siku arobaini, mnada wa nyumba usimame, malimbikizo tu, siyo deni zima, na wiki ile ya barua ya kwanza alikuwa amelifumua kochi la dada la sebuleni ili alijaze upya, sponji la inchi nne, zawadi kwa dada, na mpeleka barua alipogonga alikuwa amepiga magoti sakafuni na gundi mikononi, akaisoma, akasikia viatu vya dada uani, akaichomeka chini ya sponji, ni kwa muda tu, akavuta kitambaa, akapiga pini, akashona, mshono mzuri ajabu, na dada akaingia, akakaa palepale, akashusha pumzi, "Mdogo wangu, mgongo wangu umepona leo," na ya pili akaichomeka hukohuko kwa kufumua sentimita kumi na kuzirudishia, na ya tatu pia, hata mkono ulikuwa umezoea… na jioni zote hizo, siku arobaini, dada alikaa juu ya tarehe, akikata mboga, akisimulia nani kagombana na nani kwenye chumba cha kufulia, na yeye alikaa mbele yake akiitikia ehee, ehee, akijua kwamba malimbikizo ya miezi mitano ni kiasi ambacho akiba ya dada ingekilipa na bado ikabaki kidogo… alijua, usijifanye hukujua, ulipiga hesabu mara mbili juu ya kipande cha boksi kisha ukakichana. "Mama, hapa jina lako kamili," karani anasema, "na hapa namba ya uanachama," na dada anaandika, anatoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo kama alivyokuwa akifanya shuleni, herufi zake kubwa za duara, hizohizo alizomfundishia yeye kuandika, walikaa ngazini, dada ana miaka kumi na yeye mitano, dada ameushika mkono wake na kuuongoza, a, juu, zungusha, shuka, usikimbie…

"Uhusiano na mwombaji," karani anasoma, na dada anasema, "Andika nimembeba mgongoni," karani anasema, "Hakuna nafasi ya hiyo, mama, ni ndugu, jamaa au rafiki," dada anasema, "Basi ndugu, ila ujue alikuwa mzito," na anamgonga kiwiko, anataka acheke, naye anatabasamu, uso unamuuma, kwa sababu siku ya mnada pia dada alimgonga hivihivi, kiwiko cha kumtia moyo, walikuwa wamesimama uani katikati ya watu waliokuja kununua na watu waliokuja kutazama, na dalali mwenye kofia nyeupe alikuwa anasoma vipimo vya nyumba kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa ndani yake, dada akamwendea, akasimama mbele yake, "Nyinyi mna dini kweli? Mnauza nyumba ya watu bila hata kuwaambia?" na dalali akasema bila ukali, "Mama, barua zilipelekwa, tena tatu," na dada akageuka nusu, akamtazama yeye mdogo wake mara moja tu, sekunde moja, kisha akamgeukia dalali na kusema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia, "Zilipelekwa kwa nani? Huyu ni mdogo wangu, zingefika angeniambia," na dalali akamtazama yeye, pengine alikuwa ameona nyuso nyingi kama ile kazini kwake, naye fundi akatazama chini, akaona siafu wakipita karibu na kiatu chake, akawatazama siafu mpaka nyundo ilipogonga… zingefika angeniambia… kumbe hapo ndipo dada alipomdhamini, siyo leo, leo ni karatasi tu, alishamdhamini uani bila fomu na bila namba ya uanachama, aliweka rehani kitu kikubwa kuliko akiba, na benki haikukikata, alikikata yeye, kimyakimya, kila siku, kwa sababu miezi minane alilala katika vyumba viwili vya kupanga vya dada, juu ya kochi lilelile, karatasi ziko chini ya mbavu zake, na mara moja alichukua wembe afumue azitoe azichome, dada akatoka kazini mapema akamkuta na wembe mkononi, "Hee, unafumua nini tena, liache, lipo sawa," akaliacha, na hata akashukuru, Mungu amsamehe, akashukuru kwamba amezuiwa, na bado mpaka leo dada kwenye hadithi zake anasimulia benki ilivyowavizia, anawasimulia wafuaji wenzake, wanampa pole, na yeye akiwepo wanampa pole yeye pia, anapokea… miaka minne anapokea pole za wizi wake mwenyewe, na deni lililobaki baada ya mnada amelilipa lote, kila senti, ana barua ya benki mfukoni inayosema amemaliza, aliibeba kwa furaha asubuhi, alimwonyesha dada, dada akaibusu ile karatasi.

"Haya, la mwisho, mama," karani anasema, anasukuma miwani juu, "hili nalisoma kwa sauti kwa kila mdhamini, ndiyo utaratibu wetu, unathibitisha kwamba unaifahamu historia ya mikopo ya mwombaji, na kwamba hakuna jambo ulilofichwa?" na dada, kalamu imeshatua karibu na mstari, anacheka kifuani, "Historia yake? Mwanangu, niliishi ndani yake mpaka wakanitoa," karani anasema, "Basi ni ndiyo," dada anasema, "Ni ndiyo, nisaini wapi, hapa?" na yeye anaona kidole cha karani kikionyesha mstari, anaona mkono mweupe vidoleni ukisogea, na jibu lake la zamani linakuja lenyewe kama lilivyozoea, nyamaza, mwaka mmoja tu, lipa vizuri, safisha jina, ndipo umwambie, ukiwa mtu mpya itamuuma kidogo, linakuja, na kwa mara ya kwanza anaisikia sauti yake na kuitambua, ni sauti ileile iliyosema ni kwa muda tu alipokuwa amepiga magoti na gundi mikononi, haikubadilisha hata neno, na haikuwahi kumwogopea dada wala akiba ya dada, ilikuwa inaogopa sekunde moja, ile ya dada kugeuka na kumtazama na kujua… akisema sasa dada anaweza kuifunga kalamu, anaweza kuondoka na mkoba wake na sabuni yake, na ana haki, hakutakuwa na mkopo, hakutakuwa na sponji la jumla, ataendelea kuokoteza vitambaa vya mabaki na jina litabaki lilivyo, pengine na dada mwenyewe hatakuwepo tena, lakini hawezi kuuacha mkono ule uandike, ni mkono wake, ni akiba yake, achague akiwa anajua, kwa miaka minne ametafuta namna nzuri ya kuanza, akiitunga akishona, akiifumua, na sasa anaona kwamba namna nzuri haipo, kuna mbaya tu, na ni fupi, feni inampa kisogo, karani anasubiri, kalamu haijagusa karatasi, "Dada," anasema, na dada bila kuinua uso anasema, "Ngoja kwanza, usinichanganye, nitakosea herufi," naye anasema, "Dada, barua zilifika."